Wanakulipa Ngapi? Jibu Langu kwa Wanaouliza Kuhusu Udi na Wazee wa Leeds

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Leo sizungumzii baridi, baridi mmeshaisikia mpaka imewachosha. Nimekaa kitako kwa sababu ya swali moja. Tangu niweke ile picha nikipiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Leeds, Uingereza, mnaniuliza: wanakulipa ngapi? Nikijibu silipwi, linakuja la pili: na wazee wa Welezo, kwenye nyumba ya wazee kwetu Unguja, je, ulishawapigia?

Hilo la pili linachoma. Nitalifikia.

Silipwi. Na msidhani ni ukarimu, maana nawajua, mtaniambia najisifu. Viza yangu ni ya mwanafunzi. Mwenye viza hii anayesomea shahada anaruhusiwa kuajiriwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini haruhusiwi kujiajiri, wala kufanya kazi ya burudani. Nikipokea hata pauni kumi kwa kupiga udi nimejitia matatani. Na kabla ya kupewa hiyo viza nimeshalipa pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, ada ya matibabu, niumwe nisiumwe. Silalamiki, nawapa hesabu tu.

Hata hilo la bure lina karatasi zake. Huingii kwa wazee na ala yako begani ukapiga. Wanakuchunguza kwanza kama una rekodi ya jinai. Kwa anayejitolea uchunguzi huo hautozwi, sawa, lakini mimi nikaombwa na barua ya polisi ya nyumbani. Kaka yangu alikwenda mara nne kuifuatilia. Mara ya nne akanipigia akasema, "Wewe unataka kuwapigia muziki au unataka kuwaoa?" Jumlisha nauli ya basi, kwenda na kurudi, kila Alhamisi.

Na udi wenyewe unateseka. Nyumba za huku zina joto la mabomba, hewa inakauka, mbao zinapasuka. Wangu umeshafanya ufa.

Sasa mnadhani wazee walilia machozi ya furaha. Wapi! Siku ya kwanza nimepiga bashrafu, muziki wa kufungulia taarab usio na maneno, yupo bibi mmoja kwenye kiti karibu na dirisha, alikuwa mwalimu wa piano miaka mingi, akanyanyua mkono kama askari wa barabarani. Akasema uzi wangu mmoja umelegea. Nikamwambia haujalegea, hii ni Bayati, moja ya maqamu, ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ina sauti inayokaa katikati, kwenye piano haipo. Akasema kama kwenye piano haipo basi ni kosa.

Wallahi niliudhika. Nimetoka mjini Unguja, mahali penye kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa tangu 1905, nije nifundishwe kukaza uzi! Nikasema sirudi.

Alhamisi iliyofuata nikarudi, kwa ubishi tu. Tukabishana tena. Wiki ya tatu akaniletea kichuma chenye meno mawili, ukikigonga kinatoa sauti moja safi, akasema nikaze nyuzi kwa hicho kabla sijaingia mlangoni kwake. Mtihani uliponikamata nikakosa wiki mbili, mhudumu akaniambia bibi alikuwa akiuliza yuko wapi "yule kijana asiyesikia".

Yeye ndiye aliyenihadithia habari ya Handel, mtunzi wa muziki wa zamani. Utungo wake mrefu wa dini wa kuimbwa na kwaya, Messiah, uliimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na fedha zikaenda hospitali na kuwakomboa waliofungwa kwa madeni. Walitoka watu 142. Wanawake waliombwa waje bila zile pete za kutanua magauni, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili ukumbi uchukue watu wengi. Nikacheka, nikawaza nani atathubutu kuwaambia mashangazi zetu waende kwenye taarab bila kujitanua! Halafu nikamweleza kutunza kwetu: mtu anainuka na noti, anacheza taratibu mpaka jukwaani, na ile noti ina maneno yake, aliyekusudiwa anajijua. Bibi akafungua pochi akatoa sarafu. Ilibidi nimkatalie na nimweleze habari ya viza. Aliiona ni sheria ya kipumbavu. Kwa hilo hatukubishana.

Haya, Welezo. Jibu ni hapana. Nimeishi Amani miaka, Welezo ni pua na mdomo, na sikuwahi kuingia na udi. Nyumbani nilikuwa sishiki risha, kile cha kupigia nyuzi, kabla sijajua posho ni shilingi ngapi. Msibani ndiyo, harusi ya ndugu ndiyo, kwa kulazimishwa na mama. Huku nimezuiwa kulipwa, ndipo nikajikuta napiga mahali ambapo hakuna cha kulipwa. Kwa hiyo aliyeandika "unawapenda wazungu kuliko wazee wako", nimekusoma, sijakufuta.

Sishauri mtu. Wengine hapa wanafanya kazi usiku na mchana wanalea ukoo mzima, usimwambie mtu kama huyo akajitolee. Hali yangu ni yangu.

Ila wewe uliyeniuliza, kama uko karibu, nipitie pale Welezo. Nakuja mwezi wa saba bei ya tiketi ikishuka. Waulize wazee kwanza kama wanataka udi. Huenda wanataka kasida, au wanataka kulala.