Nguzo 24 za Lyon: jinsi ya kuingia kortini na kusikiliza kesi

Hamjambo huko nyumbani, watazamaji wangu. Huu hapa ni mto Saône, na lile jengo la ng'ambo lenye safu ya nguzo ndiyo mahakama ya zamani ya Lyon, Ufaransa. Wenyeji wanaliita "Nguzo 24", basi. Zihesabuni mkiwa upande huu wa mto, kwa sababu ukisogea hadi ngazini, zile za mwisho huzioni tena. Njooni asubuhi: uso wa jengo unatazama mashariki, jua linazipiga nguzo moja kwa moja. Mchana ukipinda, jua linahamia nyuma ya kilima cha Fourvière, jengo linabaki kivulini na kamera inapigwa na mwanga mkali.

Tazameni vichwa vya nguzo: ni majani yaliyochongwa kwenye jiwe, mtindo wa Korintho. Msanifu wake, Louis-Pierre Baltard, alianza kulijenga mwaka 1835, kazi ikachukua takriban miaka kumi. Ni huyuhuyo aliyechora gereza la Saint-Joseph katika mji huuhuu. Alitaka mahakama ifanane na hekalu la kale, mtu apande ngazi akijua anaingia mahali pazito. Na kweli ukiwa chini ya nguzo hizo unajiona mdogo. Lakini jengo hili ni la umma, na kesi husikilizwa hadharani. Huhitaji mwaliko wala wakili. Hilo ndilo ninalotaka mlijue kabla ya kuja.

Kwanza njia. Msiandike kwenye simu neno "mahakama" peke yake, litawapeleka mtaa wa Part-Dieu, kwenye jengo jipya ambako mahakama inayosikiliza kesi kwa mara ya kwanza, kabla ya rufani, ilihamia mwaka 1995. Hapa wamebaki Mahakama ya Rufani na mahakama ya jinai nzito, ile inayoitwa cour d'assises. Pandeni metro mshuke Bellecour, mtembee hadi mtoni, mvuke daraja la waenda kwa miguu. Kituo cha Vieux Lyon kiko karibu zaidi, ila kinawatoa ubavuni mwa jengo na mnaukosa uso wake.

Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Kinachowakwamisha watu ni kisu kidogo cha mfukoni, mkasi, au begi kubwa la safari. Viacheni mnakolala. Bebeni kitambulisho. Kisha ulizeni orodha ya kesi za siku na namba ya chumba. Cour d'assises haikai kila siku, inakaa kwa vikao, na Julai na Agosti shughuli hupungua sana kwa likizo ya mahakama. Jaji anaweza kuamuru kesi isikilizwe faragha, na anaweza kuwazuia watoto wasiingie, kwa hiyo mwenye familia asiahidi kitu.

Ndani ya chumba, zimeni simu kabisa. Tangu kikao kinapofunguliwa, kurekodi sauti au picha ni kosa, faini yake inafika yuro 4,500, na kifaa kinaweza kutaifishwa. Ndiyo maana hamtaona picha ya chumba hicho kwenye video hii. Vueni kofia, simameni majaji wanapoingia, na mkitaka kutoka ngojeni mapumziko.

Kwenye cour d'assises, mbele yenu mtaona majaji watatu na raia sita waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu. Msiwafananishe na wazee wa baraza wa kwetu Tanzania, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Hawa wanapiga kura sawa na majaji, na mshtakiwa hatiwi hatiani mpaka zipatikane kura saba kati ya tisa. Mkikaa nusu saa tu mtaona jaji mwenyekiti wa kikao ndiye anayeongoza maswali, wala si mawakili kama kwenye mahakama zetu zilizorithi sheria za Kiingereza.

Sasa ule ukumbi mkubwa, ambao Wafaransa wanauita ukumbi wa nyayo zilizopotea, kwa sababu ya watu wanaotembea huku na huku wakingoja kesi zao. Hapo, Mei 11 mpaka Julai 4, 1987, uligeuzwa kuwa chumba cha mahakama ili mamia ya watu waenee, na Klaus Barbie, aliyekuwa mkuu wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi wa Ujerumani, mjini Lyon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akahukumiwa kifungo cha maisha. Ni kesi ya kwanza Ufaransa kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Miongoni mwa mashtaka ni kukamatwa kwa watoto 44 wa Kiyahudi katika kijiji cha Izieu, Aprili 6, 1944. Siku ya tatu aligoma kuhudhuria, mashahidi wakaeleza mbele ya kiti kitupu. Sheria ya mwaka 1985 iliruhusu kesi hiyo ipigwe filamu kwa ajili ya historia, na kwa sheria hiyohiyo ilirekodiwa kesi ya Pascal Simbikangwa, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, jijini Paris mwaka 2014. Mkifika ukumbini, simameni kidogo kimya.

Anayependa jengo kuliko kesi aje wikiendi ya tatu ya Septemba, siku za urithi wa Ulaya. Angalieni ratiba mapema, maana baadhi ya ziara hutaka kujiandikisha na nafasi huisha haraka.