Bushi na Pembe za Magurudumu katika Gari la Michezo Lililozeeka

Mabibi na mabwana, wazee wetu wa gereji, na ninyi vijana ambao nimewaona mkilipitisha tuta la getini kimshazari, gurudumu moja moja, ili Toyota Altezza zenu zisikwaruze tumbo: nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuliboresha gari la michezo ambalo limekwisha kula miaka ishirini au zaidi, na nadhani walioniomba walitarajia nianze na shokapu za kurekebishika na rimu pana. Nitaanza na kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja cha mkono.

Ninazo bushi mbili hapa, na ningependa zipite kwenye mikono yenu huku nikizungumza. Moja imetoka kwenye mkono wa chini wa mbele unaolishika gurudumu kwenye mwili wa gari, yaani wishiboni kama tunavyozoea kusema, wa gari langu mwenyewe. Nyingine ni mpya ya aina ileile. Mtaona kwamba bushi ni bomba dogo la chuma lililo ndani ya bomba kubwa la chuma, na katikati yake umejazwa mpira ulioiva kiwandani kwa joto hadi ukashikamana na chuma pande zote mbili. Bomba la ndani hubanwa na bolti lisizunguke, na bomba la nje hupigwa presi ndani ya mkono lisizunguke pia, kwa hiyo gurudumu linapopanda na kushuka hakuna chuma kinachoteleza juu ya chuma: mpira ndio unaojipinda na kujirudi, kila shimo na kila tuta, kutoka Mbagala hadi Posta na kurudi. Katika ile ya zamani mtaona mpira umeachana na bomba la ndani upande mmoja. Ielekezeni kwenye dirisha, mwanga utapita. Gari hilo halikuwa likigonga wala kulia, na mimi mwenyewe nililiendesha kwa miezi mingi nikidhani ni zima.

Tumezoea kuamini kwamba gari likianza kuvuta upande au kula tairi, dawa yake ni alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu. Lakini mashine ya alaimenti hupima gari lililosimama, halikamatwi breki wala halikati kona, na bushi iliyoachana inaweza kukaa mahali pake kwa adabu kabisa wakati wa kupimwa. Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme umbali kati ya bolijointi (kiungo cha mkono na gurudumu) ya juu na ya chini ni milimita 250, na katika kona bushi za mkono wa chini zinaachia milimita 2 tu, unene wa sarafu. Gurudumu litakuwa limelala karibu nusu digrii nje ya pale fundi alipoliweka. Nusu digrii hiyo ndiyo ambayo mwenye gari alikuwa amelipia irekebishwe asubuhi ile. Ndiyo sababu nasema vipimo vinavyowekwa juu ya bushi zilizochoka ni vipimo vya gari jingine, lile lililoegeshwa.

Kabla sijafika kwenye uchaguzi wa bushi, naomba tukubaliane jambo moja ambalo wauzaji wa vipuri vya mashindano hawapendi kulitaja: ulaini wa bushi haukuwekwa kwa ajili ya starehe peke yake. Wahandisi waliozisanifu gari hizi waliutumia mpira kuamua gurudumu lielekee wapi likisukumwa. Porsche 928, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa na ekseli ya nyuma iliyopangwa ili dereva akiachia mafuta katikati ya kona, gurudumu la nyuma lielekee ndani kidogo badala ya nje, mkia wa gari usimtoroke. Mazda RX-7 ya kizazi cha pili, iliyoingia sokoni mwaka 1985, iliwekwa bushi za ugumu tofauti kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa makusudi kwamba kona nyepesi ilielekeze gurudumu nje kidogo ili gari ligeuke upesi, na kona kali ilirudishe ndani ili gari litulie. Wenye RX-7 hizo wengi waliziondoa bushi hizo wakaweka za chuma kwa kuwa hawakupenda hisia yake, na siwalaumu, kwa sababu walijua wanachokiondoa. Ninaowalaumu ni wale wanaoagiza seti nzima ya bushi ngumu kwa gari lote bila kujua ipi ilikuwa na kazi gani.

Basi tuna njia tatu. Ya kwanza ni mpira mpya wa kiwango cha kiwandani. Ya pili ni poliyurethani, aina ya plastiki, ambayo kwa kawaida ni ngumu kuliko mpira na hukaa na umbo lake vizuri chini ya mzigo, lakini haikushikamana na chuma: huzunguka juu ya bomba la ndani, kwa hiyo inahitaji grisi yake maalumu, na grisi ikiisha hulia kama mlango wa banda. Ya tatu ni viungo vya chuma vya duara, ambavyo havina ulegevu wowote, hupeleka kila kokoto hadi kwenye meno ya dereva, na huisha mapema vikipata vumbi. Hivyo vya mwisho tuwaachie wa mashindano.

Poliyurethani ndiyo yenye mjadala. Mahali ambapo mkono unazunguka katika mhimili mmoja tu, kama bawaba ya mlango, inafanya kazi nzuri, na usukani hupata ukali ambao mpira hauutoi. Mahali ambapo ncha ya mkono inapaswa kuzunguka na papo hapo kupinda upande, kama ilivyo kwenye mikono mingi ya nyuma, poliyurethani hukataa kupinda, na saspensheni inakuwa kama mtu aliyefungwa goti. Zaidi ya hayo, tunaishi katika mji ambao mvua za masika zikinyesha magari hupita majini hadi kwenye rimu, maji yenye mchanga, na mchanga ule ukiingia kati ya poliyurethani na bomba unafanya kazi ya msasa. Kwa gari la kwenda kazini Jumatatu na kufurahisha roho Jumapili, ushauri wangu ni mpira mpya kila mahali, na poliyurethani kwenye bushi za stabilaiza tu, ile fito ya chuma inayozuia gari kulalia upande kwenye kona. Mpira mpya kwenye gari la miaka ishirini ni maboresho makubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu wamesahau, au hawakuwahi kuonja, jinsi gari lile lilivyokuwa likiwa jipya. Zile bushi za kuchongwa kwenye leti sizisemi kwa dharau, zimetufikisha mbali, lakini haziwezi kushikamana na chuma, na sasa mnajua kwa nini hilo ni tatizo.

Nije kwenye ufungaji, kwa sababu hapa ndipo bushi nzuri nyingi huuawa. Nilipobadilisha bushi za gari langu mara ya kwanza nilinunua za asili, nikalipa bei iliyoniuma, nikalipeleka gari kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi alikuwa msafi na mwangalifu. Alilipandisha gari juu, akapachika mikono, akakaza kila bolti magurudumu yakiwa yananing'inia, kisha akalishusha. Haukupita mwaka mpira ukachanika. Kumbukeni nilivyosema: bolti likikazwa, bomba la ndani halizunguki tena. Ukilikaza bolti wakati gurudumu linaning'inia, hapo ndipo mpira unapopatambua kama nyumbani, na gari likishushwa chini mpira unabaki umesokotwa daima, hata gari likiwa limelala gereji usiku. Kisha kila tuta linauongezea msokoto juu ya msokoto. Bolti za bushi za mpira zikazwe kwa mkono tu gari likiwa juu, na zikazwe mwisho, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, uzito wote wa gari ukiwa juu ya matairi. Kwa kazi hii lile shimo la gereji ambalo vijana wanaliona la kizamani ni bora kuliko lifti ya kisasa ya nguzo mbili, kwa kuwa gari linasimama juu ya miguu yake nawe uko chini yake na spana.

Mengine nitayapita upesi. Msichome bushi kwa moto ili itoke. Moshi wake ni sumu, na presi ipo. Bushi yenye matundu iwekwe alama kabla haijatolewa, maana matundu hayo yanaamua upande upi uwe laini na upi uwe mgumu, na ukiizungusha robo duara umegeuza usanifu wa gari. Upepo wa bahari yetu hugandisha bolti za kurekebishia ndani ya mabomba, basi mpya zipakwe grisi, la sivyo atakayekuja baada yako atazikata.

Sasa pembe. Kemba ni kulala kwa gurudumu ukilitazama kwa mbele, nayo ni hasi gurudumu likiinamisha kichwa ndani, kasta ni mwinamo wa mhimili wa usukani ukilitazama kwa ubavuni, na tou ni magurudumu kuelekezana pua ndani au nje ukiyatazama kwa juu. Vijana hunilalamikia kwamba kemba imewala matairi upande wa ndani tangu washushe gari. Mara nyingi mwizi ni tou. Gari likishushwa, mikono na tairodi, zile fito za usukani, hubadilisha mwelekeo, na tou inahama bila mtu kuigusa. Gurudumu likikosea nusu digrii tu, kila kilomita moja tairi linaburuzwa ubavu karibu mita tisa. Kutoka hapa Dar es Salaam hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita moja na nusu ya kuburuzwa. Kemba hasi ya digrii moja haiwezi kushindana na uharibifu huo.

Kwa gari jepesi lenye mikono miwili kila gurudumu, kama Altezza, mimi huanza na kitabu cha kiwanda, kisha nikasogea taratibu: kemba hasi ya digrii moja hadi moja na nusu mbele, nyuma vilevile au pungufu kidogo, kasta nyingi kadiri gari linavyoruhusu na sawa kulia na kushoto, tou ya mbele karibu na sifuri, na ya nyuma ielekee ndani kidogo, isielekee nje kamwe. Dereva, au mifuko ya mchanga ya uzito wake, akae ndani wakati wa kupima. Na kwa kuwa barabara zetu zimeinamishwa kumwaga maji kando nasi tunaendesha kushoto, gari likitambaa polepole kushoto usilishitaki haraka. Lijaribu kwanza mahali palipo tambarare.

Tou mnaweza kuipima wenyewe kwa kamba mbili zilizonyooshwa sambamba ubavuni mwa gari, umbali sawa kutoka kwenye vitovu vya magurudumu, na rula ya kupima kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma. Kwenye rimu ya inchi 17, tofauti ya milimita 1 ni kama digrii 0.13, na nusu digrii niliyoitaja ni karibu milimita 4. Baada ya bushi mpya pimeni, endesheni wiki mbili, pimeni tena.

Kamba ninazo hapa, na mwenye ile Altezza nyeupe ya pale nje ameniambia alitoka kwenye alaimenti wiki iliyopita. Amekubali tukaipime kabla jua halijazama. Yeyote aliyebaki na ile bushi ya zamani, tafadhali aje nayo.