Kiwanja Kwanza, Klabu Baadaye

Ahsanteni sana. Mlio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Wanaonifahamu wanajua nitakapoanzia: Mnazi Mmoja, hapahapa Dar es Salaam. Nimelisema hili mara nyingi na sijachoka. Mkoloni aliugawa mji huu kwa rangi. Wazungu wakakaa kando ya bahari, Uzunguni; Wahindi katikati, Uhindini; Mwafrika akasukumwa Kariakoo na Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa ardhi tupu ili watu wasisogeleane. Kisingizio kilikuwa afya, eti maradhi yasivuke. Sasa tazameni watu wa mji huu walivyofanya: palepale mpakani wakapiga mpira! Fundi cherehani, karani, kuli wa bandarini, kijana aliyeshuka juzi kutoka bara, wote wakawa na sababu ya kwenda Mnazi Mmoja jioni. Ardhi iliyotengwa kuwatenganisha ikawakutanisha. Kwangu mimi, hapo ndipo mtu wa kuja alipogeuka kuwa mtu wa Dar es Salaam. Hakuulizwa kabila, aliulizwa timu.

Klabu zetu ni watoto wa viwanja vya namna hiyo. Yanga 1935, Simba 1936. Majina ya zamani ya Simba, Queens na Sunderland, na jina la Simba lenyewe mwaka 1971, hayo mnayajua, siwachoshi. Ninachotaka mkione ni umbali. Toka makao ya Yanga, Twiga na Jangwani, tembea hadi ya Simba pale Msimbazi: kahawa yako haijapoa umefika. Mtaa mmoja, soko moja, misiba ileile.

Kuna atakayeniambia, "Mwalimu, mpira huohuo ndio unaotugawa." Hapana. Hapana kabisa! Lisikilizeni neno lenyewe: tunasema watani wa jadi, hatusemi maadui. Utani tuliurithi kwa wazee, kabila kwa kabila. Mtani anakutania hadi msibani, familia inacheka huku inalia, halafu yeye huyohuyo anashika jembe kaburini. Mji ukautoa utani huo kwenye kabila, ukautia kwenye jezi. Simba iliifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, Yanga ikaifunga Simba 5-1 Novemba 2023, na mabao hayo yanahesabiwa vijiweni mpaka leo. Lakini nimeona kwa macho yangu Yanga kindakindaki wakilibeba jeneza la Simba kindakindaki, tena wakigombea kulipokea begani. Anayekuja uwanjani na ngumi hajafundishwa utani, na hajafundishwa kwa sababu tumempokonya pa kufundishiwa.

Msinielewe vibaya. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000 na naupenda. Ila pale tunakwenda kutazama. Kucheza tulicheza mchangani. Mtaani kwetu magoli yalikuwa kandambili, mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara na kuzungushiwa kamba, ukilowa unakuwa mzito kama jiwe. Ukimwangusha mwenzako ulimpa mkono ainuke, kwa kuwa usiku uleule mama yake ndiye angekupakulia ubwabwa. Kiwanja kile leo kina ukuta na geti. Watoto wa mtaa ule wanacheza chandimu barabarani, gari likipiga honi wanaokota magoli yao na kukimbilia pembeni.

Na msiniambie mji umekua. Mji ukikua si na watoto wanaongezeka? Ramani zina maeneo ya wazi. Yaliyo kwenye ramani tuyakute ardhini, basi.

Nilitaka kuzungumzia netiboli, na ndondi, na ligi za ndondo, mpira wa mitaani, zinavyojaza watu kuliko mechi nyingine za ligi kuu. Naona naoneshwa saa. Hayo siku nyingine, netiboli ikitangulia.

Kabla ya maswali, kuna karatasi zinapita. Kila aliyekulia mjini hapa aandike mtaa wake, jina la kiwanja alichochezea, na kilichopo pale leo. Wazee wasioona vizuri, vijana wawaandikie.