Pua, Kidole na Mpira wa Shingoni

Wazee wangu, mama zangu, nanyi ndugu mnaowasindikiza wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, shikamooni. Habari za chumvi na kipimo cha maji mmeshazisikia mara nyingi. Leo nataka tuzungumzie pua.

Puani mwa karibu mtu mmoja kati ya watatu huishi bakteria aitwaye stafilokokasi. Jina hilo alimpa daktari mpasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston, mwaka 1882, kwa Kigiriki cha kichala cha zabibu, maana kwenye hadubini wanaonekana wamejazana vichala vichala. Wengi tunaye wala hatuumwi. Kwa anayesafishwa damu mambo ni mengine: taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa zimedhoofisha kinga yake, na mara 3 kwa wiki mlango wa kwenye damu unafunguliwa.

Tazameni safari ya huyu mdudu. Mgonjwa yuko kitini. Pua imekauka, kuna ukoko unamwasha, anauchokonoa kwa kidole cha shahada. Punde kidole kilekile kinapapasa plasta ya mpira wa shingoni, ule mrija ulioingizwa kwenye mshipa ili damu iende mashineni na kurudi, kuona kama plasta bado imeshika. Usiku homa inapanda, anatetemeka. Wagonjwa wa namna hiyo nimewafunika mablanketi mawili, na bado meno yakawa yanagongana. Inaniuma kila mara.

Kwa hiyo nesi akikuambia uvae barakoa na ugeuze uso wakati anafungua mpira, usidhani anakuonea kinyaa. Na barakoa ifunike pua, isining'inie kidevuni. Nesi naye avae; asipovaa, mwambieni, ni haki yenu.

Ukoko ulainisheni kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa. Msiubandue, kwani heparini mnayowekewa ili damu isigande mashineni hufanya pua ichelewe kuacha kutoka damu. Mkipata mafua, msijinunulie vidonge vya kuzibua pua. Baadhi yake hupandisha presha.

Ipo pia dawa ya kupaka ndani ya pua, mupirosini, kwa kawaida mara 2 kwa siku kwa siku 5. Hiyo aamue daktari, maana ikitumiwa ovyo bakteria huizoea.

Wenye fistula, yaani mishipa ya mkononi iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za kusafishia damu, hatari yenu ni ndogo kuliko ya wenye mpira, lakini mkono huo uosheni kwa sabuni kabla ya sindano. Sinki liko pale mlangoni, kabla ya mizani.