Mbuzi hufa kwanza: nilivyowasilisha utafiti wangu wa mazuku

Ndugu zangu wa Goma, nawasalimu kutoka Liège, hapa Ubelgiji. Wiki iliyopita niliwasilisha matokeo ya utafiti wangu mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu, dakika 10 za kuzungumza na dakika 5 za maswali, na kwa kuwa wengi wenu mnajiandaa kutetea TFC, yaani kazi ya kumaliza masomo ya chuo, mmeniomba nieleze nilivyojipanga.

Utafiti wangu unahusu mazuku. Ninyi mnayajua: ile hewa mbaya inayotulia kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkeno upande wa Himbi, Keshero na Bulengo. Neno hilo ni letu, na wanasayansi wa volkeno wa nchi nyingine wanaliandika vilevile, mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ina uzito wa takriban mara 1.5 ya hewa ya kawaida, hujaa shimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya.

Katika zoezi la kwanza nilikuwa na slaidi 22. Nilianza na historia ya volkeno yetu ya Nyiragongo, nikaeleza mlipuko wa Januari 2002 na ule wa Mei 2021, nikaonyesha ramani, nikaingia kwenye vifaa vya kupimia, na saa ya simu ilipolia nilikuwa bado sijataja tokeo hata moja. Ndivyo tulivyozoeshwa kuandika, na kwenye karatasi utaratibu huo unafaa, kwa sababu msomaji aliyepotea hurudi ukurasa wa nyuma. Msikilizaji hana pa kurudi.

Usiku ule nilimpigia mama simu, naye akaniuliza, "Sasa mwanangu, umeona nini?" Nikamweleza kwamba gesi hupungua haraka kadiri unavyopanda juu, hata mahali pamoja, saa ileile, hewa ya magotini ikaweza kuua na ya kifuani ikavutika. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo maana mbuzi anakufa na mchungaji anarudi nyumbani."

Niliandika maneno hayo palepale, yakawa sentensi yangu ya kwanza siku ya kuwasilisha. Slaidi nilibakiza 6.

Badala ya slaidi za nadharia, nilibeba chombo kirefu cha kioo chenye mishumaa mitatu ya urefu tofauti. Chini nilikuwa nimetandaza bikabonati, na baada ya kuwasha mishumaa nikamimina siki taratibu pembeni, maana viwili hivyo vikikutana hutoa kaboni dioksidi. Povu likapanda kidogo tu. Hakuna kilichoonekana juu yake. Mshumaa mfupi ukazimika, moshi wake ukatambaa kwa ulalo badala ya kupaa, ukafuata wa kati, na ule mrefu ukaendelea kuwaka. Ukumbi wote ulinyamaza. Ninawasihi, kama tokeo lenu linaweza kuonekana kwa macho, lionyesheni kabla ya kulieleza.

Kuhusu grafu, msiifungue na kuanza kutaja tarakimu. Mimi nilisema kwanza, "Mstari wa kulala ni saa za siku, mstari wa kusimama ni kiasi cha gesi," nikasubiri macho yafike, ndipo nikaonyesha kilele cha alfajiri. Usomaji wa slaidi neno kwa neno uacheni kabisa, maana mtu hawezi kusoma na kukusikiliza kwa wakati mmoja.

Maswali ndiyo niliyoyaogopa zaidi. Mwalimu mmoja aliuliza kama gesi hiyo inatoka ziwani. Nililirudia swali kwa sauti ili wa nyuma wasikie, nikapata pia nafasi ya kupumua, kisha nikajibu kwamba kaboni dioksidi na methani za Ziwa Kivu zimeyeyuka katika maji ya chini kabisa, ilhali mazuku hupenya kwenye nyufa za ardhi. Mwingine aliuliza kuhusu majira ya mvua, nami nikasema wazi kwamba sikupima majira hayo. Aliandika jambo fulani, akaitikia kwa kichwa, tukaendelea.

Nikija likizo nitalirudia wasilisho hili Keshero, uani kwetu, kwa Kiswahili na bila projekta. Mishumaa nitakuja nayo, na mama ameniahidi kuwaita majirani wenye mbuzi.