Chai Yenye Mamlaka: Kusema Upya kwa Maneno Yako Katika Kiingereza

Hamjambo nyote. Nianze na chai. Iliyokolea majani, Waingereza huiita "strong tea". Mwanafunzi wangu mmoja alifungua kamusi ya visawe, akaona "strong" na "powerful" ni ndugu, akaniandikia "powerful tea". Chai yenye mamlaka! Sarufi haina kosa, ila hakuna Mwingereza anayeinywa.

Daktari Peter Mark Roget, aliyechapisha kamusi yake maarufu ya visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mawazo, si kwa alfabeti. Alimfikiria mtu mwenye wazo anayetafuta neno. Sisi tunaitumia kinyume: wazo hatujalishika, tunachomoa neno hili na kuchomeka lile.

Hiyo siyo "paraphrase", yaani kusema upya kwa maneno yako. Neno hili lina asili ya Kiyunani: kueleza kando ya maneno ya mwandishi mwenyewe. Tazameni ubaoni: "Mosquitoes breed in stagnant water." Wengi wenu mtaandika: "Mosquitoes reproduce in motionless water." Maneno mawili yamebadilika, kiunzi kiko palepale. Pengine programu ya kukagua wizi wa maandishi utaikwepa, mimi hunikwepi.

Sasa funga kitabu. Mweleze bibi yako: "Maji yakituama, mbu watataga humo." Halafu rudi kwenye Kiingereza: "Leave water standing and mosquitoes will lay their eggs in it." Sentensi imegeuka, habari ni ileile. Hapo sisi wenye lugha mbili tatu tuna bahati, maana bibi hakubali neno ambalo wewe mwenyewe hujalielewa.

Usiongeze la kwako. Ukipunguza, huo ni ufupisho, ule wa sekondari. Istilahi usiziguse, malaria ibaki malaria. Na mwenye wazo mtaje, hata kama hukuchukua neno lake hata moja. Hapa ndipo wengi hunaswa, wakidhani ni alama za kunukuu tu zinazodai jina la mwandishi.

Naam, dada wa nyuma? Anauliza tunukuu lini. Nukuu pale maneno yenyewe yanapokuwa ndiyo hoja: kifungu cha sheria, mshororo wa shairi. Kwingine sema mwenyewe.

Haya, chukueni karatasi hizi. Kuna aya moja ya Kiingereza kuhusu mikoko. Isomeni mara mbili, kisha igeuzeni kifudifudi kabla hamjashika kalamu.