Kasoro ya Mama Huonekana kwa Mtoto

Ndugu zangu, mnawajua wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zikishaiva mno. Simsemi yule anayetoboa maembe. Huyu wa ndizi asili yake ni Afrika hii hii, na leo naomba tumtazame kwa karibu.

Ana jeni iitwayo bikoidi. Yai likiwa bado tumboni, mama huweka ujumbe wa jeni hiyo kwenye ncha moja, na ncha hiyo ndiyo itakayokuwa kichwa. Mwanabiolojia Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake walilionyesha hili huko Tübingen, Ujerumani, miaka ya 1980. Kila nzi hubeba nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mama ambaye nakala zake zote mbili ni mbovu hutaga mayai yenye viinitete visivyo na kichwa wala kifua. Pale pa kichwa huota kipande cha mkia.

Sasa sikilizeni vizuri. Buu aliyerithi nakala mbili mbovu, lakini mama yake alikuwa na moja nzima, hutoka na kichwa chake, hukua, huruka. Akiwa dume, atazaa na kufa bila kasoro kuonekana. Akiwa jike, itajitokeza siku atakapotaga, na watakaoilipa ni wanawe, hata kama baba amewapa nakala nzima.

Kwa hiyo uteuzi asilia, yaani wenye kasoro kufa au kukosa uzao, ukipita na chekeche lake, madume hawaguswi kamwe, nao wamebeba nusu ya nakala zote. Mwanabiolojia Michael Wade wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, aliipigia hesabu: nguvu ya uteuzi hupungua nusu, na nakala zenye kasoro ndogo, ambazo mabadiliko mapya huzileta kila kizazi, hulimbikizana hadi kama mara mbili ya kawaida. Mwaka 2005 yeye na wenzake waliilinganisha bikoidi na zen, jeni ya ukoo huohuo ambayo kiinitete huitumia chenyewe. Bikoidi ndiyo waliyoikuta imelegezewa kamba na uteuzi huo.

Jambo hili hunigusa sana, maana tumezoea kupima uzima wa kiumbe kwa kumtazama yeye. Kusanya nzi mia sokoni, uwakague kwa darubini mmoja mmoja: hutaona kitu. Itabidi umtenge kila jike na mayai yake, ungoje kama siku moja, uhesabu yaliyoanguliwa. Dume ndiye mgumu zaidi. Kwake utasubiri mabinti, pengine wajukuu, nao watage.